Mama wa jezi wa nyuma ya Soko Kuu la Mtwara, na kaunta buku lake

Nimefika kwenye banda hili mara saba tangu mwaka jana, zote nikitokea Lindi. Mimi ni fundi friji. Gesi na vipuri vikiniishia napanda gari la alfajiri, zile kilomita mia moja na kidogo, nafanya manunuzi yangu Mtwara mjini, halafu kabla ya gari la saa tisa nazunguka nyuma ya Soko Kuu. Unawapita mafundi cherehani waliopanga mashine zao barazani, unapita mitumba ya watoto, viatu, mapazia. Banda lenyewe ni la tatu kutoka mwisho, lina turubai la bluu lililotiwa kiraka cha gunia la korosho. Halina kibao. Mwenyewe ni mama wa makamo na hakupenda nimtaje jina. "Waambie waulizie mama wa jezi, inatosha." Siku moja nilijaribu kuulizia hivyo hivyo kwa kijana wa bajaji pale stendi, akanishusha mbele ya banda bila kuuliza swali la pili.

Naandika kwa kirefu kwa sababu wenzangu mnaokusanya vitu vya michezo vya zamani, jezi, filimbi, beji, tiketi, picha za vikosi, mmeniuliza mara nyingi navipata wapi nikiwa huku kusini, wakati kila mtu anajua mabelo makubwa yanafunguliwa Dar. Navipata kwa huyu mama. Na kinachonirudisha kwake, zaidi ya vitu vyenyewe, ni daftari lake.

Ni kaunta buku nene, jalada jekundu, limefungwa kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Jezi za kawaida za mtumba, zile za kuchezea mchangani, haziandikwi humo. Zinaning'inia kwenye henga upande wa nje na kila mtu anachagua. Lakini kitu chochote anachokiona cha zamani, hata beji ya elfu moja, kinapata mistari yake: kimetoka wapi, kimeletwa na nani, kilikuwa pamoja na nini, kina ubovu gani. Nimeruhusiwa kunakili mistari ya kitu kimoja, nayo inasomeka hivi: "Filimbi ya shaba. Mikindani. Ya babu yao marehemu, alikuwa refa. Wameuza wajukuu wawili, wamekubaliana mbele yangu. Kamba yake imeoza nimetupa." Ukinunua, anakunakilia mistari hiyo kwenye kikaratasi kwa mwandiko uleule, anaandika na tarehe, anakifunga pamoja na kitu chako.

Nilimuuliza alijifunza wapi kuandika namna hii, maana nimezunguka kwa wauzaji wengi na sijaona mwingine. Akasema hakufundishwa na mtu wa jezi. Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama kwa miaka sita. "Nikipokea kitu nisikiandike, mwanangu, usiku silali."

Sasa niwaambie kwa nini mistari yake michache ya kalamu ya bluu ina thamani kubwa kwangu.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka tisa. Novemba ile Simba ilirudiana na Stella ya Abidjan, fainali ya Kombe la CAF, baada ya kutoka suluhu kule Ivory Coast. Tulisikiliza Redio Tanzania barazani kwa jirani yetu pale Lindi, watu wamejaa hadi barabarani, na wengi wetu tulishaamini kombe limekuja. Tukafungwa mbili bila, mabao ya Boli Zozo. Nakumbuka jirani alivyoizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, na watu wakabaki wamekaa. Tangu nianze kukusanya, nimetafuta kitu cha siku ile: tiketi, kijitabu, gazeti la kesho yake, chochote. Mwaka jana muuzaji mmoja wa mbali, tuliyewasiliana kwa simu tu, akaniambia anayo tiketi. Akanitumia picha. Nikamlipa 60,000, na 5,000 ya kifurushi kwenye basi. Ilipofika niliiweka kwenye kitabu cha risiti ili isikunjike, na safari iliyofuata ya Mtwara nikaibeba kumwonyesha mama, kwa furaha tu.

Hakuisoma kwanza. Aliinusa. Akaigeuza, akainusa tena, akaiweka juu ya daftari kwenye mwanga. Akaniambia karatasi ikizeeka yenyewe inaanza kuwa kahawia pembeni, kule inakoshikwa na kupigwa na hewa, na katikati inabaki na weupe wake kwa muda mrefu. Hii ilikuwa kahawia sawasawa, mbele na nyuma, na hata kwenye mchano ambapo nyuzi za karatasi zimetokeza rangi ilikuwa ileile. "Hii imelowekwa chai." Nikabisha. Ndipo akavaa miwani, akasoma maandishi kwa sauti, polepole: Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam. Akaniangalia.

Mimi nilikuwa nimeyasoma maneno yale labda mara ishirini na sikuyaona. Mwaka 1993 hapakuwa na Uwanja wa Uhuru. Ulikuwa Uwanja wa Taifa, mmoja tu, na jina la Uhuru ulilipata baadaye kabisa, baada ya uwanja mpya kujengwa jirani yake na kufunguliwa mwaka 2007. Huo mpya nao ndio mwaka 2020 ukapewa jina la Benjamin Mkapa, mtu wa huku kwetu, wa Lupaso, Masasi. Aliyetengeneza tiketi ile alikuwa kijana asiyekumbuka majina ya zamani, au alidhani mnunuzi hakumbuki.

Iliniuma, na si kwa sababu ya fedha peke yake. Nilikuwa nimeshawasimulia watoto wangu habari za ile karatasi. Mama hakunicheka wala hakunipa mahubiri. Aliniuliza kama ninaitaka tena, nikasema hapana, akachukua pini akaibana kwenye ukurasa wa daftari, akaandika chini yake: "Si ya 1993. Angalia jina la uwanja. Chai." Ipo hadi leo. Mteja akimletea tiketi, kabla hajatoa bei anafungua ukurasa ule anamwonyesha. Nimeona kijana mmoja akirudisha bahasha yake mfukoni na kuondoka bila kuitoa iliyomo.

Twende kwenye nilichopata. Kikubwa cha mwaka huu ni jezi ya nyumbani ya Arsenal yenye neno Dreamcast kifuani, na mgongoni Kanu, namba 25. Ilitoka kwenye belo la jezi mchanganyiko alilolifungua Machi. Nilifika siku ya tatu baada ya kufunguliwa, na ilikuwa imekaa ndani, imefunikwa kitambaa, kwa sababu aliona maandishi ya mgongoni ni ya manyoya na akaamua isishikwe-shikwe.

Wanaoanza nawaomba wasome hapa kwa makini, maana jezi za namna hii zimenakiliwa sana. Kwanza nembo. Arsenal walibadilisha nembo mwaka 2002. Ile ya zamani ina mzinga unaoelekea kushoto kwako wewe unayeitazama, na chini yake utepe wa maneno ya Kilatini, Victoria Concordia Crescit. Mpya mzinga umegeuzwa kulia na utepe umeondolewa. Yangu mzinga uko kushoto na utepe upo, umedariziwa kwa uzi mwembamba kiasi kwamba herufi zinasomeka ukizisogeza karibu. Pili mdhamini. Arsenal walivaa JVC hadi 1999, kisha wakaja Sega, kampuni ya michezo ya video ya Japani: jezi ya nyumbani ikaandikwa Dreamcast, jina la mashine yao, na ya ugenini ikaandikwa Sega. Mwaka 2002 wakaingia O2. Sega wenyewe waliacha kuitengeneza mashine ile mwaka 2001, na timu ikaendelea kuvaa jina lake ikachukua nayo mataji mawili msimu wa 2001/02. Kwa hiyo ukikutana na Dreamcast na mzinga wa kulia kwenye jezi moja, iache hapohapo.

Tatu, na hapa ndipo mama alipogusa akajua, ni namba. Herufi na tarakimu za Ligi Kuu ya Uingereza za miaka ile hazikuwa za plastiki laini kama za sasa. Zina manyoya mafupi, ukipitisha kidole unahisi kama kitambaa cha mahameli, na ukipitisha kinyume rangi inageuka kidogo. Chini ya kila tarakimu kuna simba mdogo wa nembo ya ligi. Kwenye 2 yangu simba yupo kamili. Kwenye 5 ameliwa nusu, imebaki taji na kipande cha uso. Herufi K ya Kanu imepata upara mguuni, pale begi au kiti kilipokuwa kikisugua, na kwapa la kulia lina alama ya njano ambayo sitaigusa kwa sabuni yoyote. Mtu aliyeivaa aliivaa kweli. Nikiishika namfikiria kijana wa miji yao huko, Jumamosi, anayempenda Kanu kama tulivyompenda sisi tuliosimama kwenye mabanda ya video tukimtazama akimaliza Chelsea kwa mabao matatu Oktoba 1999, wakati timu ilikuwa nyuma mbili bila na dakika zinayoyoma.

Bei alitaja 40,000. Nikamwomba apunguze kwa ajili ya ule upara wa K na simba wa kwenye 5, akashuka hadi 35,000 na hapo akasimama. Ni bei kubwa kwa mtumba wa Mtwara, lakini kwa jezi iliyokuja na maandishi yake ni halali kabisa.

Kuna kosa la banda hili ambalo lazima niliseme, ingawa limekwisha. Zamani alikuwa anakata lebo. Wauzaji wengi wa mitumba hufanya hivyo, kwa kuwa lebo inamkwaruza mvaaji shingoni, na wengine wanakata ili mteja asione saizi akakataa. Safari yangu ya pili nilikuta koti la juu la trakisuti ya adidas, kijani iliyoiva, lenye ua la majani matatu. Ua lile peke yake halikupi umri. Lilianza kutumika miaka ya mwanzo ya sabini, likaondolewa kwenye nguo za mchezo mwanzoni mwa tisini, halafu likarudishwa kwa nguo za kupendeza za mtaani, hadi leo linauzwa dukani jipya. Mtu anaweza kukuuzia la juzi kwa bei ya la 1980. Jibu liko kwenye lebo. Nikapindua kola, nikakuta mkasi umepita mshazari. Kilichobaki kwenye mshono ni maneno matatu: MADE IN WEST. Germany yake imekwenda.

Maneno matatu yale yanatosha kwa mtu anayejua, maana nchi iliyoitwa Ujerumani Magharibi ilikoma kuwepo Oktoba 1990 na hakuna kiwanda kilichoandika hivyo tena. Lakini kipande kilichokatwa kingekuwa na saizi, aina ya kitambaa, pengine na namba za kiwandani. Nilimweleza mama. Alinyamaza. Akainuka akaleta kopo la maziwa ya unga analowekea vifungo, zipu na lebo alizokata, maana nyingine huzitumia kuzibia matundu, akalimwaga lote juu ya mkeka. Tukakaa wawili karibu nusu saa tukipekua kipande kimoja kimoja. Lebo zilikuwa nyingi sana, za mashati, za magauni ya watoto, za masweta. Ya kijani hatukuipata. Alinipa koti kwa 12,000 badala ya 18,000 na tangu siku ile mkasi hautumiki kwenye kitu chochote kinachoingia kwenye daftari. Juu ya jalada, kwa herufi kubwa, ameandika LEBO USIKATE, kwa ajili ya binti yake anayemsaidia siku za shule kufungwa.

Ile filimbi ya Mikindani niliyowasomea mwanzo nimeinunua mimi, 20,000. Ni Acme Thunderer, iliyotengenezwa na J. Hudson wa Birmingham, na jina limegongwa ubavuni kwa herufi zilizosimama wima. Ilipakwa nikeli na nikeli imelika kwenye kingo, shaba inaonekana ya njano. Zaidi imelika upande mmoja, sehemu ya ukubwa wa ukucha, pale dole gumba la yule mzee lilipokuwa likikaa. Ndani kuna punje ya mti mwepesi wa kizibo, hiyo ndiyo inayocheza ukipuliza na kuitetemesha sauti. Marefa wengi wa leo wanatumia Fox 40, ya plastiki, isiyo na punje, iliyotoka mwaka 1987. Ile hailowi, haigandi, inapiga sauti moja kavu ya juu. Hii ya zamani inaanza na hewa, kisha punje inashika, kisha ndipo inalia. Nimeipuliza mara moja tu, kwenye uwanja wa shule karibu na kwangu, jioni, na watoto waliokuwa wanacheza mpira wote walisimama.

Naomba msiisugue filimbi ya namna hii kwa dawa ya kung'arisha vyombo. Utapata mng'ao wa siku mbili na utaondoa alama ya lile dole, ambayo ndiyo iliyonifanya nitoe elfu ishirini. Kitambaa kikavu kinatosha. Na punje usiiloweke maji.

Vya kwetu vipo pia, ila havikai. Jezi za Ndanda, timu ya Mtwara, za msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2014/15, zinakuja moja moja kutoka kwa watu wa mjini, na zinanunuliwa siku hiyohiyo na wale waliokuwa wanajaza uwanja wa Nangwanda Sijaona wakiimba Mtwara kuchele. Niliwahi moja, 15,000, ina mshono wa mkono begani. Tangu timu ishuke mwaka 2020 naona watu wanazishikilia zaidi. Za Namungo ya kule kwetu Ruangwa, za ule msimu wa 2020/21 walipofika makundi ya Kombe la Shirikisho, amesema amepata mbili tu na zote alimuuzia mtu mmoja.

Sasa matatizo yaliyopo hadi leo. La kwanza ni gazeti. Anafungia vitu kwenye gazeti, na wino wa gazeti kwenye joto la Mtwara unahama. Jezi nyeupe yenye jasho la safari inafika Lindi na vichwa vya habari kifuani. Nilimwambia, akasema vitambaa anavyo ila wateja hawarudishi. Kwa hiyo nenda na kitambaa chako, kipande cha shuka la pamba lililofuliwa bila wanga. Ile ya Kanu aliifunga vizuri, aliweka kipande cha khanga kati ya kifua na mgongo, maana alama za plastiki kama ile ya Dreamcast zikikunjwa uso kwa uso mwezi wa Novemba zinagandana na ukizivuta zinabanduka.

La pili, simu yake ni kitochi, haipigi picha. Huwezi kukaa Dar ukamwambia akutumie. Anaeleza kwa maneno, na anaeleza vizuri, lakini kuna vitu lazima jicho lione. Kwenye basi anatuma, ukishamlipa yote. Mimi sijawahi kuhitaji, ila mwenzangu mmoja wa Masasi alitumiwa viatu vya raga na vikafika salama na kikaratasi chake.

La tatu ni siku ya kufungua belo. Anafungua Jumamosi moja kwa mwezi, saa moja asubuhi, na watu wanabanana. Vijana wanaonunua kwa ajili ya kuuza tena wanaingiza mikono kabla hajapanga, na siku hiyo hata yeye hapati nafasi ya kuangalia vizuri kilichopita. Nadhani vitu kadhaa vya maana vimeondoka kwa elfu tatu bila kuandikwa. Nimemshauri avitoe vya zamani kwanza ndipo awafungulie watu. Anasema wale vijana ndio wanaomrudishia mtaji wa belo siku ileile, na hawawezi kusubiri. Ninamwelewa. Lakini kama unafuata vitu vya kukusanya, usiende Jumamosi ile. Nenda Jumanne yake, asubuhi, amekaa, daftari liko wazi, na ukimwamkia akaitikia marahaba, ukaulizwa habari za nyumbani ukajibu kwa utulivu, atakutolea mwenyewe vya ndani. Akikuona una haraka utaonyeshwa vya kwenye henga.

La nne, akikuwekea kitu ni hadi Ijumaa. Ijumaa ikipita bila kusikia sauti yako, anauza. Nilipoteza picha ya kikosi cha Sunderland kwa namna hiyo, ya kabla ya 1971 walipojiita Simba, ina wachezaji waliopiga magoti mbele na mpira wa ngozi wa kufungwa kamba. Nilikuwa na kazi ya friji za samaki, sikupiga simu. Si kosa lake, alinionya. Bado naifikiria picha ile.

Na kwa sisi wa pwani, neno moja la ufundi kabla sijamaliza. Unyevu wa huku unakula vitu. Jezi ikiwekwa kwenye mfuko wa nailoni inatoa jasho na kuota ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye alama za plastiki hautoki. Mimi huzikunja kidogo iwezekanavyo, naziweka kwenye sanduku la mbao na vifuko vidogo vya silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya friji mpya, ambavyo watu wanavitupa. Vikishiba unyevu ninaviweka juani kutwa nzima vinakauka kiasi, navirudisha. Mama wa jezi nilimpelekea vifuko arobaini safari iliyopita. Amevigawa kwenye masanduku yake yote matatu na akaandika daftarini: "Dawa ya unyevu. Lindi. Kaleta fundi friji. Bure."

Kurasa za mwisho za daftari, ukiligeuza kichwa chini, ndipo anapoandika vitu vinavyotafutwa na wateja. Mtu akimletea kitu anachungulia huko kwanza. Wa kwanza kabisa ni mzee anayetaka jezi ya Bandari Mtwara, ya msimu wowote, hata iliyochanika. Wa pili anataka beji za netiboli za mashindano ya shule. Wa tatu ni yule wa Masasi. Langu ni la nne: chochote cha Simba na Stella, Novemba 1993, Uwanja wa Taifa. Neno Taifa amelipigia mstari mara mbili.